Mazishi ya Jalada la Makosa ya Barabarani

Kuna nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Msidhani naogopa, jamani, nimwogope nani? Jina lenyewe lilipelekwa wizarani kufanyiwa mapitio, na mpaka ninaposimulia haya halijarudi. Wananchi wake wanatambuana kwa kutazamana tu. Ni nchi ya amani, yenye viongozi wanaopenda kusifiwa na watu wanaojua kusifu, na kila jambo huko huendeshwa kwa utaratibu. Ukitaka kuuliza ni utaratibu upi, huo nao una utaratibu wake wa kuulizwa.

Pembezoni mwa nchi hiyo, kule lami inapoishia na wagombea wanapogeuzia magari, kuna wilaya iitwayo Ngomalile, na katika wilaya hiyo kuna kijiji cha Chipuku. Hapo Chipuku aliishi Zamda Likwangule, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi na mdomo usiojua kunyamaza. Zamda alikuwa dereva wa trekta la chama cha ushirika. Wanaume waliomcheka siku ya kwanza alipopanda trekta lile, siku ya pili walikuwa barabarani wanamwomba lifti.

Basi Chipuku wakapata gari la wagonjwa. Lilikuja na utepe, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, na likapewa dereva kabla halijapewa mafuta. Dereva mwenyewe alikuwa kijana Remidius, mpwa wa Mkuu wa Wilaya, mwenye leseni safi na viatu safi zaidi. Remidius hakupenda matope. Mvua ikinyesha aliliegesha gari ng'ambo ya mto, mahali pakavu, akawashauri wagonjwa wasubiri jua. Ni katika kusubiri jua huko ndipo Somoe, mdogo wake Zamda, alipompoteza mtoto wake wa kwanza, akiwa mkekani, mvua ikipiga bati. Zamda ndiye aliyemshika mkono. Tangu siku hiyo kila alipoliona gari lile likioshwa, alitema mate chini kwa hasira.

Sasa Somoe alikuwa mjamzito tena, na tumbo limeshashuka. Serikali ya kijiji ikaketi, ikajikaza, ikasema hivi: Zamda akileta leseni ya kuendesha gari la wagonjwa kabla ya mkutano wa Ijumaa ya wiki ijayo, usukani ni wake. Asipoleta, Remidius ataendelea, na jambo hili halitajadiliwa tena mpaka mwakani. Mwakani! Tumbo la Somoe lingesubiri vipi mpaka mwakani?

Zamda akaenda Ofisi ya Leseni. Afisa wa hapo, Bwana Mtalika, alikuwa mtu wa miwani na heshima zake. Akabonyeza mashine, akaisubiri, akaipiga kofi kidogo, kisha akasema, "Dada, una kosa."

"Kosa gani?"

"La barabarani. Mashine inasema una kosa, na kumbukumbu iko Mahakama ya Wilaya ya Ngomalile."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Hilo mashine haisemi. Mashine yetu si mmbea." Akavua miwani. "Niletee kumbukumbu ya kosa lako, yenye muhuri. Nikishajua umekosa nini, ndipo nitajua kama unafaa."

*

Mahakama ya Wilaya ya Ngomalile ni jengo zuri sana kwa mbele. Kwa nyuma halijamalizika, lakini kwa kuwa wageni rasmi huja kwa mbele, hakuna aliyeona haja. Masjala iko huko nyuma. Zamda alimkuta karani, Bwana Mchopanga, amezungukwa na rafu mpaka kwenye dari, anakunywa chai ya tangawizi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kushtaki au umeshtakiwa?"

"Nimekuja kutafuta kosa langu."

Karani akaweka kikombe chini. Katika utumishi wake wote alikuwa amewaona watu wakija kuficha makosa, kukana makosa na kubambikia wenzao makosa. Mtu wa kuja kulitafuta la kwake, kwa miguu yake, tena amevaa vizuri, huyo hakuwahi kumwona. Akamtazama machoni kuona kama ana homa.

"Makosa ya barabarani yote yako kwenye jalada moja," akasema. "Na jalada hilo limetoka kidogo."

"Limetoka limekwenda wapi?"

"Njoo kesho."

Kesho yake Zamda akarudi. Karani akasema jalada limesafiri. Keshokutwa akarudi tena. Karani akashusha sauti, akasema jalada haliko vizuri kiafya.

"Baba, si useme tu kwamba limepotea?"

Loo! Bwana Mchopanga aliruka akafunga dirisha, akafunga mlango, akachungulia hata chini ya meza. "Chunga ulimi wako, mwanangu! Mali ya serikali haipotei. Kuna mwongozo. Mtu akiuliza mara ya kwanza, jalada limetoka kidogo. Akiuliza tena, limesafiri. Aking'ang'ania, linaumwa."

"Na akiuliza tena baada ya hapo?"

"Hakuna aliyewahi kuuliza tena baada ya hapo."

"Basi mimi nauliza. Kama linaumwa, nionyeshe lilikolazwa. Nitakwenda kulijulia hali. Hata uji nitalipelekea."

Karani akafungua mwongozo, akafunga, akafungua tena nyuma kabisa, palipokuwa na ukurasa mtupu. Mwishowe akamshika Zamda mkono, wakaenda kwa Hakimu.

Mheshimiwa Hakimu Nandonde alikuwa mtu asiyevua joho hata akila, na alipenda sana kusikika. Alisikiliza habari yote macho yamefumbwa, kisha akasimama, ingawa mle ndani walikuwa watu watatu tu.

"Mahakama hii tukufu," akaanza, "imetafakari. Imetafakari kwa kina, na ilipofika kwenye kina ikatafakari tena. Jalada lilitoka. Jalada likasafiri. Jalada likaugua. Sasa, mtu akitoka, akasafiri, akaugua, na asionekane, sisi wenye kuijua sheria tunasemaje? Tunasema amefariki! Naomba tusimame kwa dakika moja."

Wakasimama. Karani akavua kofia.

"Mheshimiwa," Zamda akasema dakika ilipokwisha, "mimi nahitaji karatasi tu ya kupeleka Ofisi ya Leseni."

"Utapewa cheti cha kifo. Lakini hatutoi cheti kwa marehemu ambaye hajazikwa. Sisi ni watu, mama. Lazima kuwe na msiba." Hakimu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Mfiwa mkuu ni nani?"

Karani akamtazama Zamda. Hakimu naye akamtazama. Ndiye peke yake aliyewahi kuulizia afya ya marehemu. Zamda akatafakari habari ya Somoe na ule mkeka, akajisemea moyoni kwamba kama ni kwa ajili ya leseni, hata jiwe la kusagia atalililia.

"Haya," akasema. "Ni mimi."

*

Msiba ule haujapata kutokea tena Ngomalile. Turubai zilifungwa uwanja mzima wa mahakama, viti vikaja vya kukodi, masufuria yakaja makubwa ya kuogea mtu. Kamati ya mazishi iliundwa, na Mwenyekiti wake, hamtaamini, akawa Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Kapteni mstaafu Ngwatu. Huyu ni yule ambaye daraja la Chipuku liliposombwa na maji alituma salamu. Safari hii alikuja mwenyewe, asubuhi na mapema, amevaa nyeusi, anauliza kama nyama imetosha.

Maiti haikuwepo, kwa hiyo fundi seremala alitengeneza kisanduku kidogo, wakalaza ndani jalada jipya tupu, kwa niaba. Wanawake walikaa mikekani, khanga kichwani. Somoe na tumbo lake alipewa mto wa kuegemea, maana kwa hesabu za Kamati yeye alikuwa mama mdogo wa marehemu, na watu wakapanga foleni kumpa pole.

"Dada," Somoe akanong'ona, "huyu tunayemlia ni nani hasa?"

"Lia tu, mdogo wangu. Nitakueleza nyumbani."

Somoe akalia. Hakuwa na shida ya machozi, maana aliyekuwa akimlilia alikuwa anamjua mwenyewe. Zamda alilijua hilo, akamwekea mkono mgongoni, akaacha maneno.

Lakini walioshinda kwa kulia walikuwa wakubwa. Zamda alianza kushangaa. Mwenyekiti wa Halmashauri alilia kwa kwikwi. Mkurugenzi wa Maji alilia mpaka akapepewa. Kila cheo kilivyopanda na kilio kilipanda. Mkuu wa Wilaya, aliyekuwa juu ya wote, alilia kwa leso mbili. Hawa nao, Zamda akajiuliza, walijuana wapi na marehemu?

Karani Mchopanga akasoma wasifu. "Marehemu alizaliwa juu ya meza, akiwa mwembamba sana. Alikua haraka kutokana na bidii ya askari wetu wa barabarani. Katika uhai wake alipokea watu wa kila aina, wakubwa kwa wadogo, na hakumtaja mtu. Alikuwa msiri. Alikuwa mnyenyekevu, ukimwekea kikombe cha chai juu yake hakulalamika. Sababu ya kifo ni uchovu. Ameacha pengo kwenye rafu ya tatu."

Watu wakasema, "Alazwe pema."

Kisha Mkuu wa Wilaya akashika kipaza sauti. "Ndugu wafiwa, itifaki imezingatiwa. Jalada hili lilinifahamu. Nami nililifahamu. Yaliyokuwa baina yetu limekwenda nayo, na naomba, kwa heshima na taadhima, tusilisumbue. Tusichimbe! Tusifukue! Tuangalie mbele!" Wakubwa wote wakapiga makofi msibani, jambo ambalo kwa kawaida halifanywi.

Likabaki jambo moja. Katika nchi ile, msiba hauishi mpaka ukoo umteue msimamizi wa mirathi, na Hakimu Nandonde hakuwa mtu wa kuruka kipengele. Akauliza nani awe msimamizi. Wakati huo pilau lilikuwa limeshafunuliwa, harufu ya bizari imetanda, na hakuna aliyetaka mjadala. Sauti moja ikapaa kutoka nyuma, "Si mfiwa mkuu yupo?" Mikono ikanyooshwa, mingine tayari ina vijiko. Hakimu akasoma mamlaka ya msimamizi mbiombio: ayatafute, ayakusanye na ayatangaze yote yaliyokuwa ya marehemu, popote yalipo na kwa yeyote aliye nayo, wala asizuiwe na mtu. Mkuu wa Wilaya akaweka saini ya shahidi bila kusoma, jicho lake likiwa kwenye paja la mbuzi.

*

Jumatatu Zamda alikuwa mtu wa kwanza Ofisi ya Leseni, cheti cha kifo mkononi. Bwana Mtalika akakisoma, akasimama, akampa mkono.

"Poleni sana."

"Tumeshapoa. Naomba leseni."

"Mh." Bwana Mtalika akakaa. "Dada, marehemu amekufa na kosa lako tumboni. Kufa kwake hakukulifuta. Kumelifanya kuwa mirathi. Na hapa naona msimamizi wa mirathi ni wewe. Kamilisha mirathi kwanza. Yote yaliyokuwa ndani ya marehemu yajulikane, na la kwako likiwemo."

Zamda akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akalia. Msibani hakulia, hapa alilia. Aliona amechezewa kama mtoto: amekwenda, amerudi, amezika, na bado yuko pale pale, na Ijumaa inakuja mbio. Alipofika nyumbani Somoe akamwona macho yalivyovimba.

"Dada, acha. Nitajifungulia kwa mkunga. Mungu yupo."

"Hujifungulii mkekani tena! Labda iwe ni mimi niliyezikwa." Akavuta barua yake ya usimamizi, akaisoma kwa sauti tangu juu mpaka chini. Alipofika kwenye maneno ya kutafuta, kukusanya na kutangaza, wala asizuiwe na mtu, akaisoma tena. "Wamesema nitangaze," akasema. "Basi nitatangaza."

Sokoni Ngomalile kuna mzee anayeuza dawa ya panya. Ana kile kipaza sauti cha kurekodi, ambacho ukishasema neno mara moja chenyewe hulirudia kutwa nzima. Zamda akamwomba, mzee akampa. Zamda, kwa nia njema kabisa, akatangaza kwamba marehemu jalada hakuacha orodha, na hivyo yeyote anayekumbuka kosa lolote la barabarani lililokuwa ndani ya marehemu aje amsaidie msimamizi.

Mama muuza nyanya akaja mbele, amefunga khanga kibwebwe.

"Mimi nakumbuka moja! Gari jeupe la Mkuu wa Wilaya lilipita hapa likaondoka na meza yangu. Si nyanya tu, meza! Na mimi nilikuwa nimeishika!"

"Sema hapa, mama," Zamda akamwelekezea kipaza sauti.

Baada ya hapo ilikuwa foleni. Mmoja alimkumbuka Mwenyekiti wa Halmashauri akiendesha kinyumenyume tangu baa mpaka kwake, akidhani anakwenda mbele. Mwingine alimkumbuka Mkurugenzi wa Maji akiegesha gari kisimani, ndani ya kisima. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na kila aliyemaliza alirudi nyuma kwenye foleni akidai amekumbuka jingine. Ikawa jioni yote, na kesho yake kutwa, kipaza sauti kikazunguka soko na mwenye nacho, kikiimba kwa sauti moja isiyochoka:

"Panya, mende, kunguni, Mkuu wa Wilaya, meza ya nyanya, viroboto, Mwenyekiti wa Halmashauri, kinyumenyume, panya, mende..."

Ofisi ya Mkuu wa Wilaya inatazamana na soko. Alifunga madirisha. Akawasha feni. Akapiga simu polisi wakamkamate msimamizi, wakamjibu kwamba barua inasema asizuiwe na mtu na shahidi ni yeye mwenyewe, tena saini ni nzuri sana. Alhamisi asubuhi likatoka tangazo rasmi lenye nembo: kutokana na juhudi za serikali, jalada limezinduka. Wananchi waliombwa kumshukuru Mungu na kuacha kukumbuka.

*

Mkuu wa Wilaya alimwita Zamda ofisini. Jalada lilikuwa mezani, nono, halina hata vumbi. Pembeni amesimama askari wa barabarani, Koplo Chilumba, kakakamaa.

"Limezinduka, mama," Mkuu wa Wilaya akasema.

"Mungu mkubwa. Lilikuwa wapi, Mheshimiwa?"

"Lilizindukia ndani ya buti la gari langu. Sayansi bado inachunguza."

Zamda akafunua karatasi moja baada ya nyingine mpaka akaliona jina lake. Akasoma. Akarudia, kidole kikifuata mstari. Jina: Zamda Likwangule. Chombo: trekta. Kosa: mwendo wa kilometa mia na arobaini kwa saa, kwenye kona ya Chipuku.

"Trekta," akasema polepole. "Mia na arobaini. Koplo, trekta langu likiteremka mlima kwa upepo wa nyuma, kuku analipita!"

Koplo Chilumba akamtazama Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya akatazama dari.

"Ni utaratibu, dada," Koplo akasema. "Nilipiga tochi ya kupimia mwendo, tochi ikasoma mia na arobaini. Nikasimamisha gari, nikakuta ni la Mheshimiwa. Na Mheshimiwa, kwa mujibu wa wadhifa wake, hana makosa. Sasa mwendo umeshapatikana, nitaupeleka wapi? Hauwezi kurudi ndani ya tochi. Ikitokea hivyo, kosa hukabidhiwa chombo kinachofuata. Kilichofuata kilikuwa wewe."

"Nilifuata baada ya muda gani?"

"Muda mrefu, dada. Nilikuwa nimeshakula na nimelala kidogo."

Zamda alitaka kupiga kelele, kuita soko zima lije lione. Mkuu wa Wilaya akaharakisha kusema, sauti imekuwa asali, "Ndiyo maana nimekuita, mama yangu. Tuichane hii karatasi hapa hapa, yaishe. Wewe huna kosa, mimi sina kosa, na yule mzee wa panya abadilishe kanda."

Zamda akaifunika karatasi kwa kiganja. Ikichanwa, ataonyesha nini kwa Bwana Mtalika? Ataambiwa jalada limerudiwa na maradhi, na Somoe ataishia mkekani.

"Usichane," akasema. "Nipe kama ilivyo. Na muhuri."

"Unalichukua? Kosa hili? Liwe lako?"

"Liwe langu."

Mkuu wa Wilaya akainuka machozi yakimlengalenga, safari hii ya kweli. Akasema kwamba kama nchi ingekuwa na wananchi wengi kama huyu, viongozi wangefika mbali. Akagonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, na kwa furaha akaugonga tena pembeni.

*

Ijumaa Bwana Mtalika akaipokea karatasi. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena. Kisha akasimama polepole.

"Trekta?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mia na arobaini? Kwenye ile kona ya Chipuku, yenye korongo?"

"Muhuri huo hapo. Miwili."

"Na ukapona?"

"Si unaniona?"

Bwana Mtalika akawaita wenzake kutoka chumba cha pili, wakaja kumtazama. Mmoja akaomba kumshika mkono. "Dada," Bwana Mtalika akasema, "tumekaa hapa miaka tunatoa leseni kwa watu wasioweza kugeuza gari uwanjani. Mtu anayelipeleka trekta mia na arobaini kwenye kona ile na akatoka salama, huyo akinyimwa gari la wagonjwa tutamjibu nini Mungu?" Akampa leseni, na kwa heshima akaandika pale penye maelezo ya dereva: mwendo wake wa kawaida ni mia na arobaini.

Mkutano wa kijiji haukuwa na la kujadili. Remidius alikabidhi funguo akiwa amezishika kwa kitambaa.

Haikupita siku nyingi mvua ikashuka ile ya kuziba macho, na mchana kweupe Somoe akashikwa na uchungu. Zamda alimpakia, akawasha gari, akavuka mto pale penye changarawe, akaifuata njia taratibu kabisa, anakwepa mashimo anayoyajua na kuyaomba msamaha asiyoyajua. Nyuma Somoe anaguna. "Shikilia hapo hapo, mdogo wangu! Safari hii tunafika!"

Kwenye kona ya Chipuku akatokea mtu na mwavuli, mkono juu. Koplo Chilumba.

"Leseni, dada."

"Afande, nina mzazi humu ndani!"

"Nasikia, na nampa pole. Lakini tochi imekusoma ishirini. Leseni hii inasema mwendo wako ni mia na arobaini. Unaikadhibisha kumbukumbu ya serikali, na tena ina mihuri miwili." Akatoa kalamu, kwa masikitiko. "Kosa limeshapatikana. Nitalipeleka wapi?"

Somoe akapiga ukelele uliomrudisha Koplo hatua nyuma. Zamda akatoa kichwa dirishani, mvua ikimpiga usoni.

"Andika, afande! Andika lote! Halafu umkabidhi anayefuata!"

Koplo akafikiri. Utaratibu ulikuwa wazi, na yeye ndiye aliyeueleza. Akageuka kutazama barabara. Katika mvua, taa mbili zilikuwa zinakuja, kisha kibendera, kisha gari jeupe refu, likinyata kwa sababu ya matope. Koplo akatazama kalamu yake, akatazama kibendera, na mkono wake, kwa kuzoea kazi, ukapanda juu wenyewe kulisimamisha.

Zamda hakungoja kuona. Aliingiza gia, gari likanguruma likapanda kilima kuelekea hospitali, na nyuma Somoe, mzima, mwenye nguvu zake, anamtukana dada yake kwa kila shimo.